Mbuzi wa Ulee

Same, Tanzania
24 Julai 2022

Nduku, mwiitu wa mwaitu, mtoto wa mama yangu,

Barua hii inakufikia kwa mkono wa Kitheka wa lori la vitunguu. Kila wiki anavuka mpaka kuelekea Mombasa Road na lazima apite Kibwezi, kwa hivyo jibu mpe yeye. Usitumie simu ya kaka yetu Munyao. Kila nikipiga hiyo simu, kesho yake Mulinge anajua nilisema nini. Wanakunywa pamoja, na anayenunua ni Mulinge.

Mimi ni mzima, ila kuchoka. Kiilu ameota meno na akinyonya ananiuma. Namwacha na mama mwenye nyumba nikienda kufundisha, na ikifika saa nne maziwa yanalowesha blauzi mbele ya watoto. Taya langu bado linalia nikitafuna, pale Mulinge aliponigonga na mpini wa beleshi. Daktari wa hapa aliniuliza, “Ulianguka?” Nikamwambia, “Niliolewa.” Alicheka, halafu akaacha.

Chuo kimetutoa kwenda mazoezi ya kufundisha. Nimepewa darasa la tatu, wanakaa wanne wanne kwa dawati. Siku ya kwanza nilipoingia walisimama wote: “Shikamoo mwalimu.” Mimi nikajibu, “Poa.” Hilo darasa lilianguka kicheko. Sasa najua kusema marahaba, lakini wakiniona njiani bado wananiita Mwalimu Poa.

Kitu kimoja sijazoea ni fimbo. Kwetu serikali ilikataza, ingawa wewe na mimi tunajua vile ilikatazwa. Hapa wanaochelewa wanapangwa mstarini asubuhi, wanashika vidole vya miguu, wanachapwa na fimbo za mkwaju, halafu kila mmoja anasimama na kusema, “Asante mwalimu.” Kuna msichana wangu mmoja, Nasreen, anachota maji kabla ya shule na kila siku anachelewa. Miguu yake nyuma imekuwa kama ubao wa kukatia sukumawiki. Mwalimu Mwanahamisi, ambaye ananisimamia na ndiye ananipa alama, aliniuliza, “Wewe Mkenya, umekuja kufundisha au kuangalia?”

Sasa nisikilize. Nikimaliza mwezi wa kumi nitakuja tutafute mbuzi wa ulee, yule wa kuvunja ndoa, apelekwe kwa kina Mulinge Kitui, Mulinge akubali mbele ya wazee wake kwamba nimemkataa. Mpaka siku hiyo, kwa midomo ya watu mimi ni mke wake na Kalunde niliyewaachia ni mtoto wake. Kwa hivyo yeye asile kwetu, na nyinyi msile chake. Hata sukari. Mwambie mama nimesema.

Mbusu Kalunde kwa shingo, hapo ndipo anacheka.

Dada yako,
Kanyiva


Kibwezi
3 Agosti 2022

Dada Kanyiva,

Barua yako ilifika ikinuka vitunguu. Nilimsomea mama, akafurahia hayo maneno ya Mwalimu Poa akarudia mpaka jioni.

Huku mvua hakuna. Mahindi yalikauka yakiwa ya kimo cha magoti na upande wetu wa mto umebaki mchanga. Lakini usijali juu yetu, tunakula. Hata Jumapili tulikula nyama. Mama alikunywa supu akatoa jasho, akasema miguu imerudi.

Kalunde hajambo. Anacheza shule kila siku. Anapanga mawe nyuma ya jikoni, anayaita wanafunzi, halafu anayachapa. Nilimwambia, “Mwalimu mama yako hachapi watoto.” Akaniambia, “Hawa wangu ni wakaidi.”

Mama anakusalimia. Munyao pia.

Ni mimi,
Nduku


Same
12 Agosti 2022

Nduku,

Nyama ya nani?

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nakujua tangu ukiwa mdogo. Ukiwa na jambo unaandika haraka haraka na unamaliza na salamu za Munyao, na Munyao hajawahi kunisalimia maisha yake yote. Mama ana mbuzi mmoja tu aliyebaki, na mama hawezi kumchinja wakati wa njaa aanze kunywa supu Jumapili kama mama pasta. Niambie. Sitakukasirikia.

Hapa mambo yamekaza. Jana Mwalimu Mwanahamisi alinikuta darasani watoto wakipiga kelele kama soko. Alinipa fimbo yake mbele yao. Nikaishika. Nikaiweka mezani. Akasema bila kupandisha sauti, “Mwalimu Kanyiva, umepoa kama uji wa jana. Hawa hawatakusikia.” Akamwita Nasreen, akamchapa mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama hapo na chaki. Kila fimbo ikishuka taya langu lilikuwa linaruka. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya tangi la maji. Aliponikuta hapo nilidhani ataninyima alama. Alinipa leso yake, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni jino.

Nasreen hakulia. Watoto wa hapa hawalii. Hiyo ndiyo inanitisha.

Jibu na Kitheka huyu huyu.

Kanyiva


Kibwezi
22 Agosti 2022

Dada,

Nyama ilikuwa ya Mulinge.

Alikuja akiwa mpole, kofia mkononi. Alikuwa na mbuzi mmoja na debe la mahindi. Akasema, “Mama, nimesikia njaa imefika huku. Sijaleta maneno, nimeleta chakula.” Wewe hukuona mama vile alikuwa. Alikuwa anakunywa maji moto ya chumvi ndio Kalunde apate uji. Mimi nilisema hapana, nikasema Kanyiva amekataza. Munyao akaniambia, “Wewe ni mtoto wa kike, toka kwa maneno ya mbuzi.” Akachinja. Mulinge akaketi akala na sisi. Alimlisha Kalunde maini na vidole vyake, akimwita mama, kwa vile mtoto ana jina la mama yake yeye Mulinge. Na mimi nilikula, dada. Nilikula nikaongeza.

Nilikuwa nataka ikae hivyo usijue. Lakini Jumanne iliyopita alirudi na baba yake mdogo, mzee Nzau, na hiyo siku kofia hakuvua. Mzee akasema ndoa ilikuwa imekauka lakini sasa imelowa, kwa sababu Mulinge ameleta mbuzi kwetu, ndugu yako akachinja, na wamekula pamoja. Ni kama ameoa upya. Wewe ni wake na mtoto ni wake.

Mulinge akasema, “Nimekuja kuchukua mama yangu.”

Mama aliketi chini akamfunika Kalunde na mwili wake. Mulinge akampiga mama teke kwa mkono, akarudia, mpaka tukasikia mfupa. Mimi nilimrukia mgongoni nikamuuma shingo, sikuachilia mpaka nikaonja damu. Alinishika nywele akanigonga uso kwa ukuta. Jino langu la mbele lilibaki hapo kwa ukuta, dada, limekwama kwa udongo, Kalunde akiliangalia. Simu yangu aliikanyaga. Akambeba mtoto kwa bega kama gunia, mtoto akimwita nyanya yake, “Susu, susu,” mpaka kwa barabara. Munyao alikuwa kwa lango. Ndiye alifungua.

Tulienda kwa askari na mama ameshika mkono wake kama wa mtu mwingine. Wakasema hiyo ni ya nyumbani, si wazee wameshaongea.

Mama amewekwa plasta. Anasema tusiogope sana, Mulinge hawezi kumpiga huyo mtoto. Hakuna Mkamba anapiga jina la mama yake.

Nisamehe.

Nduku


Same
30 Agosti 2022

Nduku,

Kitheka alinipata kwa lango la shule. Nilisoma barua yako nimesimama, halafu kengele ikalia nikaingia darasani.

Nasreen alichelewa. Aliingia na ndoo yake, maji yamemlowesha sketi, akasema, “Shikamoo mwalimu,” na mimi nikachukua fimbo mezani. Ya kwanza siikumbuki. Naikumbuka ya mwisho kwa sababu haikushuka, Mwalimu Mwanahamisi alikuwa ameishika upande wa pili. Alinibandua vidole kimoja kimoja mpaka ikatoka. Akaniambia, “Toa. Huyu siye.” Hakuniuliza nani ndiye.

Nasreen alisimama, damu imefika kwa soksi. Akasema, “Asante mwalimu.”

Sikukasirikii wewe. Njaa ilikula na nyinyi mkala. Lakini ningekuwa hapo ningemkata Mulinge kichwa na panga ya kuchongea miti, na sasa najua kwamba ningeweza, kwa sababu nimeona mkono wangu.

Nakuja Jumanne ijayo. Chuo wakininyima alama waninyime. Namchukua Kiilu mgongoni nakuja Kitui.

Kanyiva


Kibwezi
2 Septemba 2022

Dada, usije.

Kitheka ameniahidi akupe hii kabla hujapanda gari. Usije. Mulinge anakungoja. Amenoa panga anatembea nayo kwa vijana wa kuchimba mchanga, anasema ukikanyaga Kitui atakukata miguu yote miwili, uone ni mguu gani utakupeleka Tanzania tena. Na Kiilu ukimleta, huyo pia atamchukua. Watoto wote wawili kwake, wewe umekaa chini bila miguu. Ndivyo unataka?

Nilienda huko mwenyewe. Nilijifunga kitambaa nikakaa kwa kisima chao kama mtu anangoja maji. Mama yake alikuja na Kalunde. Mwanzo nilidhani mtoto ameungua. Dada, Mulinge alimpiga na mkanda wa injini ya lori. Kutoka hapa kwa shingo mpaka nyuma ya magoti. Alikojoa kitandani na alipoulizwa akasema anataka mama yake wa Tanzania. Hiyo tu. Huyo nyanya alikuwa anamwosha na maji ya chumvi, polepole. Nikamuuliza, “Mama, jina ni lako. Wewe unaangalia tu?”

Akanijibu, “Nyinyi mlikula.”

Nimefikiria hilo neno njia yote ya kurudi. Ni kweli. Kile kimetufunga ni mbuzi, na kitakachotufungua ni mbuzi. Ngoja mwezi wa kumi gani? Mtoto atakuwa amekufa. Mbuzi wa ulee anaenda sasa. Nilimwambia Munyao apeleke, yeye ndiye mwanamume wa hii nyumba tangu baba afe. Akasema hataki kukatwa. Nikamwambia ni sawa, abaki achunge lango, anajua kulifungua.

Mama amemfungua kamba yule mbuzi wake mweupe, na mkono ulio mzima. Hakulia. Nitampeleka mimi.

Usije, nakuomba. Fundisha hao watoto.

Nduku


Same
6 Septemba 2022

Nduku,

Sijapanda gari. Kitheka alisimamisha lori mbele ya basi, watu wakamtukana.

Usiende na huyo mbuzi. Ulee haupelekwi na msichana, watakucheka halafu watakupiga. Tafuta mchungaji, tafuta mjomba yeyote, hata wa mbali, hata mlevi. Na kama lazima uende, enda siku watu ni wengi. Usimtukane. Sema neno la ulee tu na unyamaze. Mdomo wako ndio naogopa.

Nduku, wewe ni mtoto wangu wa kwanza. Nilikubeba mgongoni kabla ya hawa.

Kanyiva


Kibwezi
27 Septemba 2022

Dada,

Naandika na mkono wa kushoto. Vumilia.

Barua yako ya kunikataza ilifika nikiwa hospitali.

Nilienda Jumamosi, kesho yake baada ya kukuandikia. Ukoo wao ulikuwa umekutana hapo kwa mambo ya mazishi ya mtu wao. Wanaume wengi. Mbuzi nilimpeleka kwa buti ya gari, probox ya kukodi, akalia njia yote. Nikaingia naye mpaka katikati ya boma. Nikasema, “Huyu ni mbuzi wa ulee. Kanyiva wa kwetu amemkataa Mulinge.”

Walicheka. Mulinge akainuka na panga yake. Akasema, “Mwanamke ndiye analeta ulee? Kwenu wanaume wameisha?”

Najua ulisema ninyamaze. Nikamwambia, “Wako. Bado wameshiba nyama yako.”

Hapo wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanamcheka yeye. Nadhani ni hicho kicheko. Alikuja akakata. Sijui kama alitaka kukata kamba au mimi. Kamba ilikuwa imezungushwa kwa mkono wangu wa kulia. Vidole viwili vilianguka pamoja nayo. Sikusikia uchungu, nilisikia baridi. Mbuzi akaanza kukimbia, akamgonga Mulinge magotini. Na Mulinge kwa ile hasira akageuka akampiga panga ya shingo. Mara moja. Kichwa kikaning'inia. Damu ilimfika usoni.

Mzee Nzau akainuka na fimbo yake akaja kuangalia. Akasema, “Mulinge, umechinja.”

“Sijachinja. Nimekata tu.”

“Mbuzi wa ulee ameletwa kwako, damu imemwagika bomani mwako, kwa mkono wako. Huko kwao uliniambia mbuzi akichinjwa maneno yameisha. Mimi ndiye nilisimama nikasema hivyo. Unataka leo niseme nini?”

Mulinge akaanza kutukana. Lakini wazee wengine walikuwa wameshavuta huyo mbuzi kwa kivuli wakaanza kumchuna, haraka haraka, kama watu wanaogopa atafufuka. Wakala. Walinipa kipande nikakataa. Nikasema sisi tumekula vya kutosha.

Akabaki Kalunde. Mulinge akasema mke aende lakini mtoto habanduki, huyo ni mama yake. Ndipo nyanya akatoka jikoni akimshika mtoto mkono. Akamgeuza mbele ya watu wote. Akampandisha nguo, wakaona mgongo. Akamuuliza Mulinge, “Huyu ni nani?”

Mulinge akafuta panga yake kwa suruali.

“Ulikuwa unasema, mama, chukua hii, mama, chukua na hii. Nilikuwa nasikia kwa jikoni. Ulikuwa unapiga nani?”

Mzee Nzau alikuwa anaangalia chini. Nyanya akanifunga mkono na leso yake, akaniwekea mtoto mgongoni akamfunga na nyingine. Akasema, “Jina langu liende likae mahali halipigwi.” Nilitoka hapo na miguu yangu.

Mulinge alitoroka kabla askari hawajafika. Sasa wanamtafuta, kwa sababu vidole si vya nyumbani. Wengine wanasema yuko Mwingi. Kwa hivyo Kalunde hawezi kukaa hapa. Nitamleta mpaka Taveta na lori la Kitheka. Njoo umchukue Jumatano ya kwanza ya mwezi wa kumi. Akiona mwanamume ana mkanda kwa kiuno anajificha. Kitheka amevua wake, anashika suruali na mkono.

Munyao alikuja hospitali na maziwa. Mama alimwambia ayaweke nje.

Nduku


Same
24 Oktoba 2022

Nduku, mwiitu wa mwaitu,

Ulipokuwa umesimama pale Taveta na huo mkono kwenye kitambaa sikuweza kusema kitu, na wewe ukaniambia, “Usiniangalie hivyo, vingine vipo.” Ndiyo maana naandika sasa.

Kalunde analala. Mwanzo alikuwa analala chini ya kitanda, sasa analala juu, kati yangu na Kiilu, na wote wawili wananipiga mateke. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na sitaki wahame.

Mama mwenye nyumba hawezi na wawili, kwa hivyo Kalunde naenda naye shuleni. Anakaa dawati la nyuma. Nasreen mwenyewe ndiye alimwita akae karibu naye. Nilimwomba Nasreen msamaha mbele ya darasa. Hakujua la kufanya, akasema marahaba, na darasa likaanguka tena. Siku hizi nyumba ninayokaa ina bomba, nimemwambia achote hapo. Hachelewi.

Sasa nikuambie kilichotokea. Siku ya kwanza niligeuka nikainua mkono kuandika tarehe juu ya ubao. Nikasikia kishindo nyuma. Kalunde alikuwa chini ya dawati, amefunika kichwa. Wenzake walicheka kidogo, halafu Nasreen akawaangalia wakaacha. Nilimwambia Kalunde, ni chaki tu, mama. Akasema ndiyo, akapanda akaketi. Nikainua mkono tena, na yeye akashuka tena. Si kwa kutaka. Mwili wake ndio unashuka.

Kwa hivyo siandiki juu. Nimepiga mstari katikati ya ubao na naandika chini ya huo mstari, nimepiga magoti, mkono haupandi kupita bega. Sketi yangu imechakaa magotini. Mkaguzi wa chuo alikuja kunitazama, akaandika kwamba mwanafunzi huyu hajui kutumia ubao mzima, akataka kunikata alama. Mwalimu Mwanahamisi akamwomba watoke nje kidogo. Sikusikia waliyosema. Aliporudi alichukua fimbo yake ya mkwaju pale juu ya kabati, akaivunja kwa goti, akaenda nayo kwake, akasema ana uhaba wa kuni. Madarasa mengine bado wanachapa, namsikia mwalimu wa darasa la nne kupitia ukuta. Lakini hapa kwangu hakuna. Nimefaulu, si kwa alama za kujivunia.

Pamoja na barua hii kuna karatasi. Ni herufi za nukta nukta, zile tunazowapa darasa la kwanza wafuatishe. Nimekuchorea zinazolala upande wa kushoto. Fuatisha kila siku baada ya kuosha vyombo, kuanzia a mpaka z, na usiruke. Kalunde amechora mstari wa mwisho mwenyewe. Nilimwambia wanafunzi wake wa mawe wanamngoja Kibwezi. Akafikiri, akasema niwaandikie kwamba wamefunga shule.

Ijumaa nilijisahau nikaandika neno moja juu ya mstari. Niligeuka haraka. Alikuwa amefunika kichwa, lakini alikuwa bado ameketi.

Dada yako,
Kanyiva